Mgeni Hakumeza

Nakivale, New Congo
8 Machi 2009

Kwa Mama Kemirembe,
Kipindi cha "Meza ya Kemirembe", Mbarara

Mama mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima. Jina langu ni Orpa, nina miaka kumi na tano, niko mwaka wa pili wa sekondari. Barua hii itakufikia kwa mkono wa yaya Nabintu, yaani dada yangu mkubwa, anayekusaidia jikoni kwako Nyamityobora. Yeye ni binti wa marehemu dada yake mama, na mama ndiye aliyemlea pamoja nami tangu tulipotoka Kivu ya Kusini kuja kambi hii ya wakimbizi. Nimemwomba akupe mkononi, asiiweke mezani ikalowa.

Kila Jumamosi, mpira ukiisha, tunakutazama katika ukumbi wa video wa Muhire. Siku moja Muhire alitaka kuweka filamu ya vita badala yako, na mwanamke mmoja akamwambia, "Muhire, ukigusa ile mashini tunatoka wote, utabaki na mabenchi yako." Hakuigusa.

Tunakupenda kwa sababu unazungumza na chakula. Wiki iliyopita vitunguu vilipoungua ulisema, "Pole, kitunguu, kosa ni langu," na mama alicheka hadi akamshika bega mtu wa mbele yake. Tunapenda pia mwisho wa kipindi, majina ya wafanyakazi yanapopanda na nyuma yake mnaonyesha makosa yenu, kama ile siku unga ulipokumwagikia viatuni. Hapo hata watoto wanaolala huamshwa.

Mwalimu Appolinaire, anayetufundisha Kiswahili, anasema sifa tupu hazitoshi kuwa barua. Kwa hiyo naomba ruhusa kutaja na yale tusiyoyapenda. Unasema "chukueni mayai manne" kama vile mayai yako chini ya kiti. Unaweka chungu cha chakula kibichi jikoni, kisha unatoa kingine kilichoiva chini ya meza, na akina mama huulizana kile kilipikwa na nani. Tena ulisema majani yoyote huiva kwa dakika kumi. Mama alisema, "Uyu mama ni muzuri, lakini majani hayamujui bado."

Mama yangu anaitwa Perpétue. Hapa kambini ndiye anayeitwa kupika kwenye harusi za Wakongomani. Sombe yake, yaani majani ya muhogo, huitwanga alfajiri na huichemsha hadi jua lifike juu ya nyumba, ndipo atie mawese na samaki wa ziwa letu. Ninakuomba uje umwonyeshe kwenye kipindi. Mwezi wa sita mwana wa Mchungaji Musoni ataoa, na kamati ya harusi bado haijachagua mpishi. Wakimwona mama kwenye televisheni, nadhani hawatatafuta mwingine, na mama akiipata harusi ile mimi nitapata karo ya kuingia mwaka wa tatu. Ninakuambia wazi ili usidhani ninakuita kwa ajili ya sombe peke yake.

Mimi mtazamaji wako mwaminifu,
Orpa


Mbarara, Nyamityobora
24 Machi 2009

Orpa mtoto yangu,

Barua yako nimesoma mara mingi, na nimesomea watu wa ofisi, walicheka kwa ile ya mayai chini ya kiti. Mimi nilikulia kwa kambi ya jeshi hapa Mbarara, baba yangu alikuwa sajini, kwa hivyo Kiswahili yangu ni ya askari, wewe usiweke alama nyekundu.

Tunakuja. Jumamosi tarehe 18 mwezi wa nne, asubuhi, mimi na kijana wa kamera na Nabintu. Ambia mama asijisumbue, apike ile ya kila siku tu. Nataka watu waone kwamba kambini pia kuna jiko na kuna mama ambaye anajua kazi. Hiyo ndiyo kitu mimi naamini: chungu haiulizi mtu kitambulisho.

Uliuliza nani anapika ile ya chini ya meza. Ni mimi mwenyewe, nyabo, naamka mapema sana.

Webale munonga,
Mama Kemirembe


Mbarara, Nyamityobora
27 Machi 2009

Orpa mdogo wangu,

Madamu amekubali kweli. Alisoma barua yako akiwa amekaa juu ya friji ndogo, akipiga miguu kama mtoto. Ndivyo alivyo, akipenda kitu anakipenda mbele ya watu wote.

Ile ya chini ya meza ninapika mimi. Usiwaambie akina mama. Nimeiivisha miaka miwili sasa, na kamera haijawahi kugeuka upande wangu, lakini amesema siku moja nitasimama naye.

Mwambie mama mdogo asipike nyingi. Madamu hali sana. Na pilipili moja tu. Nguo yoyote itafaa.

Nimewakumbuka. Hapa ninalala chumba kimoja na magunia ya sukari.

Yaya yako,
Nabintu


Nakivale
19 Aprili 2009

Yaya Nabintu,

Uliondoka kabla sijakushukuru. Mlipokuwa mnapakia vyombo niliona umechoka, nikaogopa kukusumbua.

Mama hajalala vizuri kwa furaha. Ananiuliza tena na tena kama alisimama sawa. Jambo moja tu linamkera: kile kitenge kipya alichoazima kwa jirani. Kijana wa kamera alimwambia avue, afunge cha zamani, "ionekane ni kambi." Mama aliniambia, "Sasa nikivaa muzuri, kambi itakimbia?" Lakini akakivua, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Mama alipopakua na kuchota kijiko kwenye sahani ya Madamu, akala, akameza, akamtazama usoni, niliona Madamu akikuinamia na kukuuliza jambo, nawe ukamjibu kwa Kinyankore. Nadhani aliuliza kwa nini mama anakula chakula chake. Nilifurahi kuwa ulikuwepo umweleze kwamba kwetu mwenye chakula humeza kwanza, mgeni ajue kuwa hakuna sumu. Mimi ningeona haya kumweleza mtu mkubwa hivyo.

Kisha Madamu akafumba macho, akasema, "Tamu, tamu sana," kama kwenye televisheni kabisa. Nilitaka kupiga makofi. Baadaye alikwenda garini haraka akiwa na karatasi laini mdomoni. Nilimwambia mama ni pilipili imemzidi. Mama akasema, "Nilitia moja, kama Nabintu alivyoagiza." Sahani yake Madamu alisema ataibeba ale njiani, nadhani aliisahau. Tuliikuta juu ya jiwe, imejaa.

Niandikie mara tu utakapojua siku watakayotuonyesha. Mama Mukamurenzi, mwenyekiti wa kamati ya harusi, amekwisha kumwambia mama, "Tutakuona kwanza, kisha tutaongea," lakini alisema akicheka.

Mdogo wako,
Orpa


Nakivale
10 Mei 2009

Yaya,

Jana mlituonyesha. Ninaandika polepole ili nisikosee.

Muhire aliongeza mabenchi, na mama alipewa kiti cha mbele. Nyumba yetu ilipotokea, watu walipiga kelele, "Ile ni New Congo! Ile ni mbuzi ya Mama Eugénie!" Mama alitwanga, alichemsha, alifunua chungu, akapakua. Kisha, ghafla, kijiko kilikuwa tayari mdomoni mwa Madamu.

Nilingoja. Nilidhani kuonja kwa mama kutakuja nyuma yake. Mwanamke mmoja karibu nami akanong'ona, "Perpétue hakuonja?"

"Ngoja."

"Ningoje nini, na mugeni amekwisha kupewa kijiko?"

Madamu akasema tamu, tamu sana, na watu wengine wakatulia. Ndipo majina yakaanza kupanda. Kwanza alionekana mbuzi akivuta kitambaa cha meza, tukacheka wote. Kisha tukamwona Madamu kando ya gari. Anatema kwenye karatasi. Anatema tena. Anasukutua kwa maji ya chupa, anatema chini, anaikunjia kamera uso na kucheka. Mmeweka na muziki wa kuchekesha hapo.

Ukumbini hakuna aliyecheka. Muhire alizima jenereta ingawa kulikuwa na filamu nyingine.

Mama Mukamurenzi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mama Orpa, ule mugeni ulimupa nini?"

Mama akajibu, "Nilimupa sombe. Nilionja, nikameza, mbele yake. Bantu ya televizyo ndio walikata."

"Televizyo inakata mutu akimeza, inaacha mutu akitema?"

"Muulize mutoto wangu, alikuwa pale."

"Mutoto ni wako, atasema nini?"

Mzee mmoja wa nyuma alitaka kusaidia, akasema, "Mimi nilikula kwake Noeli, na niko muzima." Mwingine akamjibu, "Bado." Watu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko maneno.

Leo kanisani mama alipeleka chungu cha maharage kwa chakula cha pamoja, kama anavyofanya kila mwezi. Kilirudi nyumbani kama kilivyotoka. Amekiweka mezani na kukifunika, na sasa amekaa mbele yake.

Yaya, nani alikata pale mama alipoonja? Na Madamu alitema kwa nini? Nijibu upesi.

Orpa


Mbarara
16 Mei 2009

Orpa,

Nimepokea. Usilie kwa mambo ya watu wa kambi, wana maneno mengi kwa sababu hawana kazi nyingi. Watasahau mpira ukianza.

Kukata ni kazi ya wale vijana wa mashine. Kipindi ni nusu saa, kila kitu hakiwezi kuingia. Mimi ni wa jikoni.

Mwambie mama mdogo alionekana vizuri. Hapa wengi waliuliza yule mama ni nani.

Nabintu


Nakivale
17 Mei 2009

Mama Kemirembe,

Nakusalimu, na ninakushukuru kwa kufika kwetu. Sikuandika ili kulalamika. Nina ombi moja.

Katika kipindi cha tarehe 9 haikuonekana mama yangu akionja chakula kabla yako, ingawa alionja. Kisha ikaonekana wewe ukitema. Kwa watu wa Mbarara huenda ni kichekesho. Kwetu, mwenye chakula asipoonja na mgeni akatema, maana yake ni moja tu, na siwezi kuiandika hapa pamoja na jina la mama yangu. Tangu siku ile hakuna aliyekula mkononi mwake.

Ninakuomba uonyeshe kile kipande kilichokatwa, hata kwa muda mfupi, na useme kwa kinywa chako kwamba mama alimeza kwanza. Watakuamini wewe. Wewe uliweza kumwomba kitunguu radhi.

Ninangoja kwa heshima,
Orpa


Mbarara, Nyamityobora
2 Juni 2009

Orpa mtoto yangu,

Pole sana, nyabo. Lakini usiogope, hiyo ni mchezo ya televisheni. Sisi wote tunatema. Fikiri: nikirudia kijiko mara tano kwa kila chakula, na kwa siku ninapika tatu, nitapita kwa mlango aje? Mimi nilisema tamu, na nilisema kwa roho yangu.

Hiyo kipande ingine wamefuta, wanatumia kanda ile ile tena na tena. Na watazamaji walipenda sana mama yako, na wengine walipenda zaidi ile ya mbuzi.

Nimekutumia aprani yenye jina ya kipindi, na picha yangu, nimeweka sahihi. Kama mama ana mapishi ingine ya kwenu, andika, mimi nasoma yote.

Webale munonga,
Mama Kemirembe


Nakivale
7 Juni 2009

Yaya Nabintu,

Madamu amenijibu. Anasema watu wa televisheni wote hutema, kwa sababu ya kurudia. Nilifarijika kidogo. Sikujua, na nadhani hapa hakuna anayejua. Nilimpelekea Mama Mukamurenzi maneno hayo. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Hayo ni maneno ya kuuza. Uniletee mutu wa kwetu aliyesimama pale."

Mtu wa kwetu aliyesimama pale ni wewe.

Kamati itakaa Jumamosi tarehe 20. Mchungaji Musoni amesema haki itendeke: akipatikana shahidi mmoja aliyemwona mama akimeza, mama atapika harusi, naye Mchungaji atalisema jambo hilo kanisani mbele ya wote. Asipopatikana, watamchukua mwanamke mwingine, na sidhani kama kuna mtu atamwita mama tena baada ya hapo. Si harusi tu, yaya. Juzi mtoto wa jirani alipewa muhogo wa kuchoma na mama, na mama wa mtoto huyo akauchukua mkononi mwake na kuutupa, huku akitusalimu.

Huna haja ya kumtaja Madamu kwa ubaya. Huna haja ya kuja. Andika sentensi moja: Nilimwona Mama Perpétue akionja na kumeza. Weka jina lako. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwake, ulishika bakuli la kunawia.

Mama hakunituma. Anasema, "Nabintu anajua. Ataleta mwenyewe, bila kuombwa." Mimi nimeogopa kungoja.

Mdogo wako,
Orpa


Mbarara
18 Juni 2009

Kwa Kamati ya Harusi,
Kanisa, New Congo, Nakivale

Wapendwa wazazi,

Nimeombwa niseme niliyoyaona tarehe 18 Aprili. Siku ile nilikuwa na kazi ya kupanga vyombo garini na sikuona mwanzo wa chakula. Kwa hiyo siwezi kusema kama Mama Perpétue alionja au hakuonja.

Ninawaombea bwana na bibi harusi baraka za Mungu.

Nabintu
Msaidizi, "Meza ya Kemirembe"


Mbarara, Nyamityobora
30 Agosti 2009

Orpa,

Umenyamaza tangu mwezi wa sita. Nimetuma salamu kwa watu wawili na hakuna jibu. Basi nitasema, maana naona umekwisha kunihukumu.

Ulinipongeza kwa kumweleza Madamu, lakini hukuniuliza nilimwambia nini. Aliniuliza, "Mbona anakula chakula yangu?" Nikamjibu, ili ujue hakuna sumu. Nilisema kwa kujivuna, nionekane najua mambo ya kwetu. Akaniuliza, "Kwani kuna watu wanatia sumu?" Nikacheka, nikasema kwetu wapo. Wewe ungejibu nini? Ni uongo? Tulikua tukisikia hivyo kila msiba. Kabla ya hapo hakuwa na wazo la sumu hata kidogo. Nilimwona uso ukimbadilika, na kijiko kilikuwa kimekwisha karibia mdomo. Ile habari ya kurudia mara tano si ya kwenu. Kwenu alitia kijiko mdomoni mara moja tu.

Yeye ndiye aliyeagiza waondoe pale mama mdogo alipoonja. Alisema mtu kula kwenye sahani ya mgeni si picha nzuri. Kutema waliacha wale vijana, kwa kuchekesha. Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikiwapa chai.

Barua yako ya kuomba shahidi aliisoma, niliiacha jikoni. Hakunifokea. Aliniambia tu, kwa jina alilonipa yeye, "Bina, ukiandika, watauliza kwa nini mimi nilitema. Na mimi nilitaka kwa msimu mpya wewe usimame na mimi mbele ya kamera." Orpa, nimelala na magunia miaka miwili. Chungu changu kinasifiwa kila Jumamosi na jina langu halitajwi. Mama mdogo ana nyumba, ana shamba, ana wewe. Mimi nina nini? Nilifikiri harusi moja itapita.

Jumamosi tarehe 3 Oktoba nina mapumziko. Nataka kuja. Nimemnunulia mama mdogo kitenge, cha nta, si cha kuigiza. Niambie kama atanipokea.

Nabintu


Nakivale
13 Septemba 2009

Yaya Nabintu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, Kiswahili changu kiliharibika.

Hukuwepo siku ya kamati, kwa hiyo nitakueleza. Mama alivaa nguo ya kanisani. Alikuwa na hakika, alimwambia hata Mama Mukamurenzi njiani, "Barua ya mutoto wangu imefika." Alisema mtoto wangu, na hakuwa akinitaja mimi. Mama Mukamurenzi akaisoma kwa sauti. Ilipoisha, mama akaomba aione. Hajui kusoma sana lakini anajua mwandiko wako, wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia majina ya watu waliotaka kupikiwa. Akaitazama, akasema, "Ndiyo, ni yeye anaandika hivi." Hakusema umedanganya. Mimi nilisimama niseme, Mchungaji akaniomba nikae. Tulipotoka nje mama aliniambia, "Labda kweli alikuwa kwenye gari." Nilimjibu kwamba ulishika bakuli la kunawia, maji yalikuwa bado yanatiririka mikononi mwake. Akasema, "Najua. Nilikuwa nataka kusikia kama inaweza kusemwa."

Harusi ilipikwa na mwingine. Mama alikwenda, alipeleka zawadi, alikula walichompa. Sasa anauza majani mabichi barabarani, ambayo hayajatwangwa. Hayo watu wananunua, kwa kuwa kila mmoja anakwenda kuyapika mwenyewe. Kuhusu mwaka wa tatu, Mwalimu Appolinaire anajaribu kuongea na shule. Bado nina tumaini, lakini si kubwa kama la Machi.

Tulikuona Jumamosi iliyopita kwenye televisheni. Mama hakuja, yeye hatazami tena, ila nilimweleza. Ulipendeza na aprani. Madamu alikuita Bina, akasema wewe ni mwenyeji wa Nyamityobora, nawe ukatabasamu. Kisha akasema tena majani huiva kwa dakika kumi, na ukatikisa kichwa kukubali. Akina mama wote ukumbini walinigeukia. Sikujua niweke wapi macho.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mama yote, sikuruka kitu, hata pale unaposema ana nyumba na shamba na mimi. Alikuwa akichambua majani. Nilifikiri atasema usije.

Amesema uje.

Amenituma kwa Mama Eugénie kuazima kiti chenye mgongo na ile sahani ya maua. Nilimwambia, "Mama, ni yaya. Yeye hukaa jikoni na sisi, juu ya kinu." Akaniambia utakaa sebuleni. Nikamwambia utashangaa. Akaniambia wageni hukaa sebuleni. Atapika sombe na bugali, na samaki akipatikana. Maji ya kunawa nitakumiminia mimi. Kitenge ulete ukipenda, atakushukuru na kukiweka.

Tena kuna neno alilosema nikwambie mapema, ili lisikushtue mezani. Nalinakili kama alivyolisema: "Umuambie nitamuonjea."

Yaya, katika nyumba hii hakuna mtoto aliyewahi kuonjewa. Nilipokuwa na homa alinilisha kwa mkono na hakuonja. Wewe vilevile. Nilimwuliza kama ana hakika. Alisema maji ya majani yamekwisha, niende kisimani, nikaenda.

Fika saa sita. Nitakungoja barabarani. Sahani ikiwekwa mbele yako, naye akichota kijiko chake, akameza, akakutazama, usimwombe chochote wakati ule na usilie. Kula uimalize, hata kama hakuna atakayesema nawe. Mimi nitakuwa nimekaa hapo.

Orpa